Antena ipi iingie kwenye kifaa chako: ya kuchora, ya kauri, ya kubandika au ya fimbo?

Kijana mmoja alikuja karakana kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na bodi aliyoichora mwenyewe, ndogo kama kiberiti, ya kupima baridi kwenye kitalu cha miche ya parachichi huko Njombe. Kazi ilikuwa safi. Njia zimenyooka, vipuri vimepangwa kwa adabu. Ila Wi-Fi yake ilishika akiwa chumba kimoja na rauta, akitoka mlangoni tu imekatika. Akaniomba, "Kaka, nitafutie chipu ya antena yenye nguvu kuliko hii." Nikaigeuza bodi. Chipu ya kauri ilikuwa katikati, ubavu mmoja betri, ubavu mwingine skrubu, na chini yake shaba ya graundi, ile shaba pana ya kurudishia umeme, imetandazwa yote. Chipu ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la shaba.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake na wenzake wanaotengeneza vifaa vidogo huku kwetu, pamoja na mafundi wanaobadilisha antena za laptopu bila kuambiwa zinatofautiana nini. Msimamo wangu nauweka mapema: antena haichaguliwi kwa namba iliyoandikwa na muuzaji. Huchaguliwa kwa kuangalia boksi, graundi na mahali kifaa kitakapokaa, na nafasi yake hutengwa kwanza, kabla hata betri haijapata pa kulala.

Kwanza, wimbi lina urefu wake

Mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya mwendo huo kwa masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi moja. Wi-Fi ya GHz 2.4 ina wimbi la kama sentimita 12.5. Ile ya GHz 5.5 ni sentimita 5.5 hivi. Simu ya MHz 900 ni sentimita 33, na 4G ya MHz 700 inakaribia 43. Antena ya kawaida hutaka robo ya urefu huo, yaani sentimita 3 na kidogo kwa Wi-Fi ya chini, na karibu 11 kwa hiyo 4G.

Fikiria vyuma vya marimba. Kifupi hulia juu, kirefu hulia chini. Ukitaka sauti nzito itoke kwenye chuma kifupi, unakibandika nta kukiongezea uzito, nacho kitatii, lakini sauti itakuwa nyonge. Antena nayo hukunjwa, husokotwa au huzungushiwa kauri ili iitike chini kuliko urefu wake, na kila ukunjaji una gharama.

Gharama hiyo ilishapigiwa hesabu zamani, na mhandisi Harold Wheeler mwaka 1947, kisha na Lan Jen Chu wa chuo cha MIT mwaka 1948, na haijatenguliwa. Antena ikishakuwa ndogo sana kuliko wimbi lake, ukiipunguza kipimo mara mbili, upana wa masafa inayoweza kuhudumia hushuka hadi karibu moja ya nane, kama unataka ufanisi ubaki ulipokuwa. Ukilazimisha upana ubaki, ufanisi ndio unaolipa deni.

Sasa angalia kila huduma inahitaji upana gani. GPS ya kawaida iko MHz 1575.42 na hutosheka na MHz 2 hivi, chini ya asilimia 0.2 ya masafa yake. Wi-Fi ya chini inaanzia MHz 2400 hadi 2483.5, karibu asilimia 3.4. Wi-Fi ya juu, 5150 hadi 5850, ni karibu asilimia 13. Simu inayotakiwa kushika kuanzia 700 hadi 960 inahitaji asilimia 31. Ndiyo maana kipande kidogo cha kauri kinaifaa GPS kabisa, kinaifaa Wi-Fi ya chini kwa masharti, na mtu akikuuzia kipande cha ukubwa uleule kwa 4G ya masafa ya chini kwenye bodi fupi, ujue kuna kitu hajakwambia. Nimeona vifaa vya kufuatilia bodaboda vikichemka na kumaliza betri kwa sababu hii hii: redio inapaza sauti hadi mwisho kwa kuwa antena inameza nusu ya nguvu.

Ya kuchora dhidi ya ya kauri

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Antena ya kuchora ni shaba ya bodi yenyewe iliyokatwa kwa umbo fulani. Maarufu kuliko zote ni ile ya umbo la F iliyopinduliwa. Chukua antena ya robo wimbi iliyosimama wima, ilaze iwe sambamba na ukingo wa graundi. Kulala huko kunashusha impidansi yake, yaani ukinzani wake kwa umeme wa mawimbi, mbali na omu 50 ambazo redio inazitaka. Kwa hiyo unaiongezea mguu wa pili unaogusa graundi, na umbali kati ya mguu huo na mahali pa kulishia ndio unaoirudisha impidansi panapotakiwa. Umbo zima linabaki kama herufi F iliyolala kifudifudi. Watengenezaji wa chipu Texas Instruments wametoa mchoro wake bure kwa Wi-Fi na Bluetooth, milimita 25.7 kwa 7.5, na mwingine uliokunjwakunjwa wa milimita 15.2 kwa 5.7. Moduli ya Wi-Fi ya ESP32-WROOM ambayo vijana wengi wanaitumia ina antena ya aina hiyo iliyokunjwa. Ile michirizi ya dhahabu unayoiona juu ya kofia ya bati ndiyo yenyewe.

Bei yake ni eneo la bodi tu. Haichakai, haing'oki, haiagizwi. Lakini ina masharti matatu ambayo haijui msamaha. Inataka ukingo wa bodi, tena kona ikiwezekana. Haitaki shaba chini yake kwenye tabaka lolote, iwe njia ya umeme, iwe jina lako uliloliandika kwa shaba upande wa nyuma. Na inataka unakili vipimo vyote kama vilivyo, pamoja na unene wa bodi, maana mchoro wa bodi ya milimita 0.8 hauitiki mahali palepale ukiuweka kwenye ya 1.6.

Chipu ya kauri inavutia macho. Milimita 3.2 kwa 1.6, unaiona kwenye picha unasema tatizo limekwisha. Ila soma karatasi yake yote, usiishie ukurasa wa kwanza. Utakuta mstatili mtupu unaotakiwa kuizunguka, usio na shaba juu wala chini, na mara nyingi mstatili huo ukiupima unakaribia eneo la antena ya kuchora iliyokunjwa. Kisha utakuta picha ya bodi ya majaribio waliyopimia ufanisi wao, bodi yenye graundi ndefu ya sentimita kadhaa. Chipu ile ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni graundi yako, na mikondo ya umeme hutembea humo na kutoa mawimbi pamoja nayo. Ukiiweka kwenye bodi ya saizi ya kiberiti, umeinunua nusu ya kwanza na kuitupa nusu ya pili, halafu unalaumu kiwanda.

Chipu ina sifa zake za kweli. Kifaa cha sikioni, saa ya mkononi, au kitu chembamba kuliko sentimita mbili hakina pa kuchorea mkono wa F, na hapo kauri inastahili. Pia kama unabadilisha viwanda vya bodi mara kwa mara, kauri haiyumbi sana kwa tofauti za nyenzo. Bodi za kawaida za nyuzi za kioo zina thamani ya 4.2 hadi 4.7 kwa kile kinachopunguza mwendo wa wimbi, na tofauti hiyo inatosha kuisogeza antena ya kuchora kutoka mahali pake.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi: kama una ukingo wa sentimita mbili na nusu, chora. Kama huna, jiulize kwanza kama betri haiwezi kusogea, ndipo ufikirie kauri.

Kwa zote mbili, acha nafasi tatu za vipuri kati ya redio na antena, mbili za kwenda graundi na moja ya katikati, ili baadaye uweze kuweka kapasita au koili za kurekebisha. Ukikuta hazihitajiki, ya katikati unaiunganisha kwa rezista ya omu sifuri. Gharama yake ni senti. Na njia inayotoka kwenye redio isiwe uzi. Kwenye bodi ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 1.6, njia ya omu 50 juu ya graundi ina upana wa karibu milimita 3. Vijana wengi huchora njia ya milimita 0.25 kama ya taa, na hapo redio na antena haziongei lugha moja.

Ya kubandika, na habari ya laptopu

Fungua laptopu nyingi utakuta antena mbili za utepe mwembamba wa shaba juu ya plastiki nyumbufu, zimebandikwa pembezoni mwa skrini. Nyaya mbili nyembamba, kipenyo cha milimita 1.13 hivi, zinashuka ndani ya bawaba hadi kwenye kadi ya Wi-Fi. Mara nyingi nyeupe ni ya kwanza na nyeusi ya pili. Watengenezaji wengi wamechagua juu ya skrini kwa sababu nzuri: ukifungua laptopu, antena inakuwa mahali pa juu kuliko pote, mbali na kelele za bodi kuu, na mbali na mapaja na viganja vyako.

Gharama ya uchaguzi huo ni waya. Waya mwembamba kiasi hicho unapoteza karibu desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, kwa kila mita kwenye GHz 2.4, na zaidi kwenye 5. Wenye sentimita 60 unakula karibu desibeli 2, yaani zaidi ya theluthi ya nguvu, kabla wimbi halijafika kwenye antena. Ndiyo sababu watengenezaji wengine huziweka kwenye bawaba: waya unakuwa mfupi, lakini antena inakaa chini, katikati ya bati za juu na za chini.

Mteja akija na malalamiko kwamba Wi-Fi inashika kifuniko kikiwa kimefunguliwa nusu na kukata kikifunguliwa kabisa, usiguse kadi. Waya umekatikia ndani ya bawaba. Umepinda na kunyooka miaka mitatu, ngao yake ya nje imepasuka. Antena ya kubandika ya badala inapatikana na waya wake, na kuibandika ni kazi ya nusu saa kwa fundi mtulivu. Angalia mambo manne. Ibandike mahali ileile ya zamani ilipokuwa, mbele ya dirisha la plastiki, isiwe mbele ya bati. Mbili zisilale sambamba zikigusana. Zitenge angalau nusu ya wimbi, sentimita 6, na ikiwezekana moja ilale na nyingine isimame, kwa kuwa laptopu inatumia njia mbili kwa wakati mmoja na zikisikia kitu kilekile hakuna faida ya kuwa na mbili. Konekta ile ndogo ya U.FL imetengenezwa kufungwa na kufunguliwa mara 30 tu, kwa hiyo usiijaribujaribu kama soketi ya chaji. Na kadi nyembamba za siku hizi zinatumia konekta ndogo zaidi ambayo haiingiliani na hiyo. Ukiilazimisha unang'oa pini, na hapo kadi ndiyo imekwenda.

Laptopu zenye kifuniko cha bati tupu, au cha nyuzi za kaboni, ni kesi ya peke yake. Kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo wimbi linaiona kama ukuta. Huko mara nyingi antena huwa ni ufa uliokatwa kwenye bati lenyewe na kuzibwa kwa plastiki. Antena ya kubandika ukiiweka juu ya bati hilo inazimwa, maana inajiona kwenye kioo na picha yake inaifuta. Hapo nafuu ni antena ya nje ya USB, na nitamwambia mteja hivyo hata kama faida yangu ni ndogo.

Dokezo moja la manufaa kwa wenye laptopu: USB 3 inapofanya kazi kwa kasi ya gigabiti 5 hutoa kelele inayoangukia kwenye GHz 2.4. Intel walilichapisha hilo mwaka 2012. Kama Wi-Fi au mausi isiyo na waya inakwama kila ukichomeka diski ya nje, hamia Wi-Fi ya GHz 5 au isogeze diski kwa waya mrefu kidogo, kabla ya kufungua kifuniko.

Kwenye simu na tableti, antena nyingi za leo hutengenezwa kwa fremu yenyewe. Ile mistari ya plastiki inayokata fremu ya chuma haikuwekwa kwa urembo. Ni mipaka ya antena. Mwaka 2010 iPhone 4 iliuonyesha ulimwengu jambo hili: antena ilikuwa utepe wa chuma wa nje, na kidole kikiziba pengo la chini kushoto, baa zinashuka. Kwa sababu hiyo naogopa kava za chuma na pete za sumaku. Mtu analipia simu nzuri, halafu anaifunga kitambaa mdomoni.

Anayetengeneza kifaa cha kushika mkononi chenye 4G, antena ya kubandika ndani ya plastiki ndiyo chaguo langu kwa mwanzo. Ni pana kiasi, unaweza kuijaribu kona tofauti kabla ya kuamua, na haihitaji uchore bodi upya kila ukikosea. Ila bodi yako iwe na urefu wa sentimita 10 au zaidi. Kwenye masafa ya chini ya simu, antena inaamsha tu, na kinachotoa mawimbi mengi ni graundi nzima ya kifaa.

Ya fimbo na springi

Antena ya nje ya nusu wimbi, ile ya fimbo ya rauta, ina wema mmoja mkubwa: haidai graundi yako. Inajitosheleza. Kama boksi lako ni la bati, au kifaa kiko bondeni na mnara uko mlima mwingine, usijitese na za ndani. Kuweka fimbo nje ya boksi kunaweza kukupa kile ambacho miezi ya kuchora isingekupa.

Tahadhari ni mbili. Konekta za SMA, zile za skrubu za kufungia fimbo, zina ndugu yake wa kinyume, anayetumika sana kwenye Wi-Fi. Nyuzi za skrubu zinaingiliana vizuri, lakini katikati unaweza kukutanisha tundu na tundu, na umeme haupiti kabisa. Tazama katikati kabla ya kulipa. Ya pili ni namba. Fimbo ya nusu wimbi ina desibeli 2.15. Ukiuziwa fimbo ya sentimita 20 ya GHz 2.4 iliyoandikwa 12, hiyo namba si ya kweli. Antena ya kurusha duara zima yenye 12 huwa na urefu unaofikia mita au kuzidi.

Hata ingekuwa kweli, kwetu isingefaa. Antena haiumbi nguvu, inaigawa. Ikiwa na namba kubwa, inabana mawimbi yawe bapa kama chapati, yakienda mbali kwa usawa wa macho. Nyanda za Morogoro ya chini labda. Lakini ukiisimamisha juu ya kilima cha Rungwe na nyumba ya mkulima iko bondeni, chapati inapita juu ya paa lake. Namba ndogo inayomwagika pande zote inamsaidia zaidi.

Springi ni robo wimbi iliyosokotwa. Kwa MHz 868, waya wa sentimita 8.6 unakuwa springi ya sentimita mbili tatu. Ni rahisi, lakini ina upana mwembamba na ukiivuta kidogo tu imehama masafa. Naitumia kwa majaribio, sijawahi kuipeleka shambani.

Ukungu hauna hatia

Watu wa Mufindi na Tukuyu huniambia mtandao unapotea "ukungu ukishuka". Kwa masafa ya Wi-Fi na simu, ukungu na hata mvua angani havili nguvu ya kupimika kwa umbali wa shamba. Kinacholiwa ni kwingine. Majani yaliyolowa yanameza mawimbi, na utando wa maji juu ya boksi unaisogeza antena, kwa sababu ile thamani ya kupunguza mwendo wa wimbi ni karibu 80 kwa maji, ambapo plastiki ina 3. Mwili wa mtu nao ni maji. Kwa hiyo paa dogo juu ya boksi, na kulifunga juu ya matawi badala ya katikati yake, vinasaidia kuliko kubadili antena.

Plastiki nyeusi angalia pia. Nyingine hutiwa masizi ya kaboni kwa wingi, na rangi za kung'aa huwa na chembe za metali. Kava ya kijivu cha kawaida ni salama zaidi.

Kupima

Kipimo cha nanoVNA, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena kwenye kila masafa, kimebadilisha maisha ya mafundi wadogo. Toleo la kwanza haliifikii GHz 2.4, na la pili linafika GHz 3, linalotosha Wi-Fi ya chini. Unaangalia bonde la mchoro: kwenye desibeli −10, asilimia 10 ya nguvu inarudi, kwenye −6, asilimia 25. Kwa Wi-Fi natafuta −10. Kwa simu yenye masafa mengi, −6 inakubalika na watengenezaji wakubwa wenyewe wanaishi nayo.

Lakini pima kifaa kikiwa kimefungwa, betri ndani, skrubu zote zimekazwa. Antena iliyo sawa ikiwa wazi huhama chini ukifunga kava. Na waya wa kipimo chenyewe unageuka kuwa sehemu ya antena kwenye bodi ndogo. Uvishe shanga za feriti karibu na bodi, la sivyo unapima waya wako. Kumbuka pia kwamba bonde zuri halithibitishi kwamba wimbi linatoka. Rezista ya omu 50 ina bonde zuri kuliko antena zote duniani, na haitoi kitu. Kwa hiyo maliza kwa kutembea: kifaa mahali pake, wewe unaondoka na laptopu ukisoma nguvu ya mawimbi. Hesabu ya Harald Friis ya mwaka 1946 inasema, mahali pa wazi, ukipoteza desibeli 6 umepoteza nusu ya umbali. Ukiokoa 6 kwa kuihamishia antena ukingoni, umeongeza umbali maradufu bila kununua chochote.

Kwa kazi tatu nilizonazo mezani

Kitalu cha Njombe, boksi la plastiki, rauta iko nyumbani jirani, Wi-Fi ya GHz 2.4. Hapo ni ya kuchora, ile ya milimita 25.7 kwa 7.5, kwenye ukingo wa juu, betri ikihamia chini. Asiyetaka kuchora anunue moduli yenye antena yake, aiache itokeze nje ya bodi, na aweke nafasi ya milimita 15 pande zote kama Espressif, watengenezaji wa ESP32, wanavyoelekeza. Kifaa kikitaka kuuzwa, na siyo kutumika nyumbani tu, kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na moduli iliyokwisha kuidhinishwa inapunguza safari. Ukishaibadilisha antena yake, uliza upya.

Tableti ya kupimia kahawa ya chama cha ushirika Mbozi, yenye 4G, inashikwa kwa mikono miwili pembeni. Antena mbili za kubandika, moja juu na moja chini, zisiwe ubavuni ambako viganja vitakaa. Kwa GPS yake, kauri ya mraba ya milimita 25 ikitazama angani. Hiyo ni sehemu pekee ambapo kauri inashinda bila mjadala, kwa kuwa upana unaotakiwa ni mdogo na mawimbi ya setilaiti yanazunguka kama skrubu, nayo imeumbwa kuyapokea hivyo.

Cha tatu ni kipima unyevu kwa ajili ya viazi, pembezoni mwa Kitulo, mbali na nyumba yoyote, kwa LoRa, redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu. Masafa yake yathibitishwe TCRA kwanza. Boksi ni la bati kwa ajili ya panya, kwa hiyo hakuna mjadala: fimbo ya nusu wimbi, nje, ikitokea upande wa juu, mbali na nguzo ya chuma kwa angalau wimbi moja, sentimita 35 hivi. Konekta izungushiwe mpira wa kujishika wenyewe, tabaka mbili, ukianzia chini kwenda juu kama vigae vya paa, ili maji yatelemke bila kuingia.